Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi chuoni, na wanachuo wangu waliieleza vizuri katika mitihani. Mimi mwenyewe niliielewa mwaka 2009, nikiwa nimekwisha kustaafu, katika milima ya Himalaya nchini Nepal.

Tulitembea kwa miguu kutoka Lukla, kwenye kimo cha mita zipatazo 2,860, hadi Namche Bazaar, mji wa Washerpa ulio kwenye mita zipatazo 3,440. Njia ile haina magari. Mchele, mabati na mafuta ya taa hupanda kwa mgongo wa mtu au wa mnyama. Mpagazi hupitisha ukanda kwenye paji la uso, mzigo ukakaa mgongoni. Mkononi hushika mkongojo mfupi, ambao huuegemeza chini ya mzigo apumzikapo, ili asilazimike kuutua.

Mkoba wangu ulibebwa na kijana mmoja. Nilimlipa ujira tuliopatana bila kumpunja, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Vijijini tulikuta kuta za mawe yaliyochongwa sala za Kibudha. Desturi ni kuupita ukuta ukiwa mkono wako wa kuume. Mahali pamoja upande huo ulikuwa na mwinuko. Mimi, nisiyebeba kitu, nikakata njia. Kijana yule, na mzigo wangu mgongoni, akazunguka.

Jioni, nilipofungua mkoba, nikaona vitabu vinne vizito ambavyo sikuvisoma hata ukurasa. Nilivichukua kwa sababu si mimi niliyevibeba.

Je, ujira humaliza deni? Wapo watakaosema kwamba patano ni patano, na kwamba bila wasafiri wengi wangekosa riziki. Hoja hiyo siidharau. Anayekataa kumwajiri mpagazi ili dhamiri yake itulie, pengine amewanyima watoto wa mwenzake chakula. Lakini naona ujira hulipia kazi tu. Haununui ruhusa ya kuzichezea nguvu za mtu.

Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka juu ya njia ya Khumbu, ikaua Wanepali 16 waliokuwa wakiwafanyia kazi wapandaji wa Everest. Najiuliza: katika vyote vilivyopandishwa kwa njia ile, vingapi vilikuwa vya lazima, na vingapi vilikuwa kama vitabu vyangu?

Wala si lazima twende Himalaya kuulizana hayo. Nilipokuwa mkuu wa chuo, mbele ya ofisi yangu palikuwa na bustani ya maua. Wakati wa kiangazi wanachuo waliteka maji bondeni kwa ndoo ili kuimwagilia. Wageni waliisifu, nami nikapokea sifa. Sikuwahi kuishika ndoo hata siku moja.

Tangu hapo nina kipimo kimoja: kabla ya kumtwika mwenzangu, hujiuliza kama ningekichukua kitu hicho iwapo ningekibeba mwenyewe.

Wakati wa kurudi nilivibeba vile vitabu mwenyewe. Kabla hatujafika kwenye daraja la kwanza, nilikuwa nimekwisha kutua mara tatu. Kijana alinitazama, akanyosha mkono avipokee. Nilimshukuru, nikavirudisha begani. Havikuwa usufi.