Pakingi ya Wote na Haki ya Aliyetangulia

Mtu anapoweka ndoo iliyojazwa zege katikati ya nafasi ya gari, kisha akaenda zake kazini, anatoa dai zito kuliko anavyodhani. Uwanja ule haukuandikwa jina lake. Wakazi wote wa ghorofa wanachangia mshahara wa mlinzi, umeme wa taa na usafi, na wote wana haki ya kuutumia. Hata hivyo ndoo inatangaza kwamba pale ni pake hata asipokuwepo. Magomvi ya pakingi katika majengo ya Upanga na Kariakoo, au Kilimani na South B kule Nairobi, huzungumzwa kama suala la ustaarabu: fulani hana adabu, fulani mkorofi. Kwa maoni yangu jambo lenyewe ni la haki, na ni la zamani sana. Ni nini kinachompa mtu mmoja uwezo wa kuwazuia wenzake wasitumie kitu kilicho cha wote? Jibu ninalolitetea ni kwamba kutangulia kunampa mtu haki ya kutumia nafasi kwa muda anaoitumia, basi. Akitaka kuishikilia zaidi ya hapo anahitaji ridhaa ya wenzake, na ridhaa hiyo itafutwe kwanza kwa yule atakayekosa.

Swali hili lina mfano wake maarufu. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, Cicero alipoeleza mafundisho ya Wastoa aliandika kuhusu ukumbi wa maonyesho: ukumbi ni wa umma, lakini kiti alichokalia mtu chaweza kuitwa chake kwa haki. Karne nne baadaye, Basili, askofu wa Kaisaria, aliuchukua ukumbi uleule akaugeuzia upande wa pili. Tajiri anayejikusanyia vilivyo vya wote, alisema, anafanana na mtu aliyewahi kuingia ukumbini kisha akawafungia wengine mlango. Inaonekana kana kwamba wawili hawa wanapingana, mmoja akimtetea aliyetangulia na mwingine akimshtaki. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliona mbali zaidi: kosa halimo katika kuwahi, limo katika kuwafungia wengine. Tukiusoma mfano wa Cicero kwa makini tunaona kwamba mtu wake yumo kitini. Amekaa, anatazama. Cicero hakusema kwamba kiti hicho ni chake kesho jioni akiwa bado nyumbani. Kati ya kukaa na kuhodhi kuna mpaka, na ugomvi wa pakingi huanzia hasa pale mtu anapouvuka mpaka huo bila kumuuliza yeyote.

Wanazuoni wa Kiislamu waliushughulikia mpaka huu kwa undani ambao sijauona kwingine, kwa sababu msikiti ni mahali pa wote na watu husongamana humo kila Ijumaa. Katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, mtu aliyeinuka mahali alipokaa kisha akarudi ana haki zaidi ya mahali hapo, na mafakihi waliieleza kuwa inamhusu aliyetoka kidogo kwa haja huku akikusudia kurudi. Hadithi nyingine inakataza kumwinua mtu alipokaa ili ukae wewe. Watu wasogeleane na kupeana nafasi, jambo ambalo Kurani nayo inaliamrisha katika sura ya Al-Mujadila. Lakini kuna katazo la tatu, ambalo wenye ndoo wangelitafakari: Mtume alikataza mtu kujifanyia makazi sehemu moja ya msikiti, kama ngamia anavyozoea pahala pake pa kulala. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliulizwa kuhusu watu wanaotanguliza miswala yao msikitini ili wawekewe nafasi wakiwa bado majumbani. Alijibu kwamba hilo ni haramu, kwa kuwa mwenye mswala ameinyakua sehemu ya msikiti na kumzuia aliyekuja mapema asisali hapo. Anayetakiwa kutangulia ni mtu mwenyewe, wala si zulia lake. Sioni namna ya kutofautisha mswala ule na ndoo ya zege, koni ya plastiki au matofali mawili yaliyopangwa uwanjani asubuhi.

Itasemwa kwamba msikiti ni nyumba ya ibada na pakingi ni lami yenye madoa ya oili, kwa hiyo hukumu ya kule isiletwe huku. Ila hukumu ile haikusimama juu ya utakatifu wa mahali peke yake. Imepokewa kwamba Khalifa Ali alilifananisha soko na msikiti: aliyewahi mahali sokoni ana haki napo siku ile mpaka apaache. Soko lina kelele, vumbi na tamaa za kila aina, na bado kanuni ilibaki ileile. Kinachofanana ni kwamba mahali ni pa wote, watu ni wengi, nafasi ni chache.

Sheria zetu za kidunia zimefika karibu na hapo kwa njia yake. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya hatimiliki za sehemu za majengo, na Kenya ilipitisha yake mpya mwaka 2020. Zote mbili zinatenganisha nyumba ambayo mtu ameinunua na mali ya pamoja, yaani ngazi, lifti, paa, uwanja, kisha zinaiweka mali hiyo ya pamoja chini ya chombo cha wamiliki wote. Nafasi ya gari ambayo haikuunganishwa na hati ya nyumba fulani kwa kawaida huangukia humo. Jambo la kwanza la kufanya katika jengo lenye ugomvi, kwa hiyo, ni kufungua hati na ramani kabla ya kufungua mdomo. Mara nyingi hilo halimalizi kitu. Ramani itaonyesha nafasi kumi na sita, tuseme, na jengo lina familia ishirini na nne, kila moja ina gari na baadhi zina mawili. Majengo mengi ya zamani yalichorwa wakati gari la mtu binafsi lilikuwa nadra. Hati inakwambia uwanja ni wa nani. Haikwambii nani alale nje leo.

Hapo ndipo wengi huukimbilia utaratibu wa anayewahi kupata, na hoja yao ni nzito. Utaratibu huo haumjali mkubwa wala mdogo, hauhitaji kamati, hauna rushwa kwa mlinzi. Ningeukubali kama saa za watu zingekuwa sawa. Lakini anayetoka ofisini saa kumi jioni atapata nafasi kila siku, na muuguzi anayemaliza zamu saa nne usiku hataipata hata siku moja. Ataegesha barabarani na kutembea gizani. Kanuni isiyomtaja mtu yeyote kwa jina yaweza kumbagua mtu yuleyule kila usiku kwa miaka. Ukumbi wa Cicero ulikuwa na onyesho ambalo kila mtu aliweza kuliwahi. Uwanja wa ghorofa una wakazi ambao kazi zao zimewanyima mbio hizo kabla hazijaanza. Ndiyo maana nasema ridhaa ianze kwa anayekosa. Zamu za wiki, kura inayorudiwa kila mwaka, nafasi mbili za karibu na mlango kwa mlemavu na kwa anayerudi usiku, gari la pili la kila nyumba lisubiri mpaka magari ya kwanza yaishe kupata: lolote kati ya haya ni halali ikiwa waliokaa kitako kulipanga ni pamoja na wale ambao utaratibu wa sasa unawaumiza. Kura hasa isidharauliwe. Kitabu cha Mithali kinaisifu kwa kukomesha mashindano, na Mtume aliwapigia kura wake zake kila alipotaka kusafiri na mmoja wao.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa watu wa dini wenyewe. Wanauliza kwa nini mwamini agombee kipande cha lami, wakati amefundishwa kuachia haki yake kwa ajili ya amani. Wanamtaja Isaka katika kitabu cha Mwanzo, ambaye wachungaji wa Gerari walimnyang'anya kisima, akachimba cha pili, nacho wakakigombea, akaondoka akachimba cha tatu bila ugomvi. Uvumilivu wake ni mkubwa na sina neno la kuupunguza. Ila Isaka alikuwa na bonde zima mbele yake. Mkazi wa ghorofa ya tano hana kisima cha tatu. Akisogea, anasogea hadi mtaroni. Katika kitabu hichohicho, Abrahamu na Lutu walipobanana malishoni, aliyetoa nafasi ya kuchagua kwanza alikuwa Abrahamu, mkubwa kwa umri na kwa cheo. Msemo wetu wa mwenye nguvu mpishe unafundisha kinyume chake, na katika majengo yetu ndio unaotawala: anayepishwa ni mwenye gari kubwa, mwenye sauti, mwenye urafiki na kamati. Nikiachia haki yangu mwenyewe, huo ni wema. Nikiwataka mjane wa ghorofa ya tatu na muuguzi waachie zao ili jengo liwe kimya, nimewatwisha wao gharama ya utulivu wangu.

Basi haki idaiwe, na namna ya kuidai nayo ina hukumu yake. Kutoa upepo wa matairi, kuziba gari la mwenzako kwa nyuma, kukwaruza rangi kwa funguo: yote haya yanaangukia katika kanuni ya Kiislamu inayokataza kudhuru na pia kulipiza dhara kwa dhara. Injili ya Mathayo inaweka ngazi zilizo wazi kwa ndugu aliyekosa: mwendee peke yako, akikataa nenda na mmoja au wawili, ndipo ulipeleke jambo kwa kusanyiko. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu mali za pamoja, alikuta mtindo unaokaribiana na huo kwa wafugaji na wakulima wa mifereji ambao taratibu zao zilidumu vizazi hata vizazi: adhabu huanza ndogo na hupanda taratibu. Sisi siku hizi tunaanzia juu. Picha ya gari hupigwa na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la jengo zima kabla mlango wa mwenye gari haujabishwa hata mara moja. Akishaaibishwa mbele ya majirani hamsini, hatasogeza gari hata kama anajua amekosea.

Kuna jambo sheria zetu hazikulikamilisha, nalo haliwezi kuachwa kwa kamati peke yake. Chombo kinachosimamia mali ya pamoja ni cha wamiliki, na katika majengo mengi wengi wanaolala humo ni wapangaji. Mwenye nyumba anayeishi mji mwingine ana kura juu ya uwanja asiouegeshea gari, na mpangaji anayezunguka jengo mara tatu usiku hana. Ikiwa ridhaa ya anayekosa ndiyo inayohalalisha mgawo, mpangaji aitwe kikaoni na asikilizwe kabla kura haijapigwa, na mwenye nyumba ampe kwa maandishi mamlaka ya kumpigia kura katika suala hili.