Fadhila ya Kuegemea

Waswahili huita uti wa mgongo kila jambo ambalo mambo mengine hushikamana nalo. Kilimo husemwa kuwa uti wa mgongo wa nchi, na mama kuwa uti wa mgongo wa nyumba. Kwa hiyo mtu ambaye uti wake wenyewe umeharibika hupatwa na misiba miwili kwa pamoja: mmoja ni wa mwili, na wa pili ni wa heshima. Maumivu humwamuru alale. Fahari humwamuru asimame. Kati ya amri hizo mbili huzaliwa swali lililo kubwa kuliko ugonjwa wenyewe: je, mtu anayemwegemea mwenziwe hupungukiwa na utu?

Maumbile yana neno juu ya swali hili. Uti wa mtu mzima una pingili 24 ambazo huenda na kurudi kila mtu ainamapo au ageukapo. Chini ya hizo zipo nyingine tano ambazo utotoni zilikuwa mbalimbali, na utu uzima ulipofika ziliungana zikawa mfupa mmoja, nao huchukua uzito wa kiwiliwili chote. Basi kuunga pingili si jambo geni kwa mwili. Mwaka 1911 wapasuaji wawili wa New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza namna ya kuunganisha pingili kwa mkono wa mwanadamu, hasa kwa ajili ya watu ambao kifua kikuu kilikuwa kimewala mifupa ya mgongo.

Siku hizi pingili mbili au zaidi aghalabu hufungwa kwa vyuma na skrubu, na vipande vya mfupa hutiwa kati yake au kandokando yake. Walakini chuma hakiponyi. Kazi yake ni kushikilia tu, mpaka mfupa mpya uote na kuunga, nayo ni kazi ya miezi mingi, pengine ya mwaka mzima au zaidi. Mfupa usipounga, chuma chenyewe huweza kulegea au kuvunjika. Na hata upasuaji ukifaulu, una bei yake. Pingili zilizoungwa hazichezi tena, na zile zilizo jirani, juu na chini, hulazimika kuchukua sehemu kubwa zaidi ya mwendo na uzito. Baada ya miaka baadhi yake huchakaa kwa kazi hiyo. Jambo hili litakumbukwa mbele.

Mgonjwa arudipo nyumbani hukuta amri tatu zimemtangulia: asiiname, asijipinde, asinyanyue kizito. Kitandani hugeuka mzima mzima kama gogo, na huinuka kwa ubavu. Kazi kubwa aliyopewa ni kutembea, leo hatua chache na kesho chache zaidi. Mwanamume aliyezoea kupakia magunia humwomba mtoto wake amwokotee kiatu. Mwanamke aliyezoea kuteka maji ya nyumba nzima huoshwa miguu na mkwewe. Mithali husema mgonjwa haulizwi uji, na kwa maneno hayo humfundisha muuguzi namna ya kutoa. Namna ya kupokea haikutajwa, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Wapo wasemao kuwa heri maumivu kuliko kutegemea watu. Neno hilo lina sauti ya ushujaa, lakini halina matendo yake. Mtu ainukaye katika wiki ya tatu akabeba ndoo ili watu wajue kuwa bado yu mzima, huhatarisha kazi ya mpasuaji na usingizi wa wote waliokesha naye. Akiumia tena, mzigo aliokataa kuwa hurudi mabegani mwa watu wale wale, nao umezidi. Ushujaa wake umelipwa na wengine.

Kisa cha John F. Kennedy kinafaa kutazamwa. Mwezi wa Oktoba 1954, alipokuwa seneta mwenye umri wa miaka 37, aliunganishwa pingili za kiuno katika hospitali moja ya New York, ingawa ugonjwa wake wa tezi uliufanya upasuaji kuwa wa hatari. Baada ya upasuaji alipatwa na maambukizo, akapoteza fahamu, na padri akaitwa. Mwezi wa Februari 1955 bamba la chuma lilitolewa kwa upasuaji wa pili. Katika miezi ya kulala kitandani ilitengenezwa Profiles in Courage, kitabu kuhusu maseneta wenye moyo thabiti, kilichotoka mwaka 1956 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1957. Katika dibaji, msaidizi wake Theodore Sorensen alishukuriwa kwa utafiti. Ilipofika mwaka 2008, Sorensen alieleza katika kumbukumbu zake kuwa ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya sura nyingi. Maumivu ya mgongo hayakumwacha Kennedy, na magongo yake aliyaweka mbali na macho ya watu.

Kuegemea hakukumwondolea Kennedy heshima. Asingeliweza kufanya kazi yo yote asiposhikwa. Lililo haba katika kisa hiki ni kukiri: magongo yalifichwa, na mkono wa mwenzi ulitajwa kwa sehemu tu. Hapa pingili jirani hurudi katika fikira. Daktari mwema hatazami mahali palipoungwa peke yake. Hutazama pia pale panapobeba mzigo kimya kimya. Mgonjwa naye ana wajibu huo huo. Mke aamkaye mara nne usiku ana mgongo wake, na mgongo huo huchoka bila ya kuonekana katika picha ya daktari.

Kwa hiyo jibu la swali ni hili: kuegemea hakupunguzi utu, kinachoupunguza ni kuegemea bila ya kumwona anayeegemewa. Wako watakaopona wakalipa fadhila kwa mikono yao. Wako pia wasiopona kamwe, nao hawadaiwi nguvu wasizokuwa nazo. Wanadaiwa macho ya kuona na ulimi wa kukiri. Deni hilo hata aliyelala chali aweza kulilipa, na alilipapo huwa amesimama.