Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: "Mshukuru Mungu wako nimefunga!"



Leo ni 17 Ramadhani, siku ya Badri, na huko nitafika. Ila naomba nianzie sokoni, maana aibu yangu iko sokoni.

Ramadhani iliyopita, alasiri imeshaingia, nilikuwa nauza viazi. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, tope hadi kwenye vifundo. Dalali akataka niongeze, na niongeze tena, mpaka gunia likaota kichwa, lumbesa yenyewe, kwa bei ileile. Nikakataa. Akacheka, kisha akasema neno kuhusu mama yangu ambalo sitaliandika hapa. Mama yangu ni marehemu. Nikashika mpini wa jembe. Nilipokumbuka mwezi tuliomo, nikamsogelea mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, nikamwambia meno yamebana: "Mshukuru Mungu wako nimefunga!"

Watu wakatuamulia. Nikarudi nyumbani najiona nimeshinda, eti nimetekeleza Sunna. Si Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mfungaji akitukanwa au akichokozwa aseme kwamba amefunga? Basi nimesema. Tatizo ni kwamba nililisema neno hilo kama mtu anayechomoa kisu.

Wiki ileile mtoto wa kaka yangu, ambaye siku ile alikuwa nami sokoni akinishikia kamba, alirudi kutoka shule shati limechanika. Kumuuliza, akanijibu: "Baba mdogo, nilimwambia ashukuru nimefunga, akanisukuma." Ana miaka tisa. Hata saumu yenyewe anafunga nusu siku.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni nini kinachomtokea mtu pale, na je, utulivu wakati wa ugomvi ni tabia ya kuzaliwa nayo, au unajifunza?

Kinachotokea mwilini kinajulikana. Ukitishwa au ukitukanwa, mwili unamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka. Macho yanambana mtu mmoja tu, waliopo pembeni huwaoni, na anayekuita jina humsikii. Mwili umejiandaa kupiga au kukimbia, basi. Kazi ndogondogo za akili, kama kupima maneno, zinawekwa kando. Kwa hiyo ukimwambia mtu aliyefika hapo "tumia busara", unamwagiza kitu ambacho dukani kimeisha.

Mabondia wanalijua hili kuliko sisi. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipokwenda Birmingham Septemba 2018 akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, sisi tulishangilia ngumi. Lakini bondia yeyote hutumia muda mwingi kwenye mambo yasiyoshangiliwa: kupigwa kidogo kidogo mazoezini na mwenzake, siku baada ya siku, huku akijizuia kufumba macho, na kutoa pumzi taratibu. Hofu haimtoki. Ila ngumi ya uso kwake inaacha kuwa habari mpya, na kwa sababu si habari mpya, akili inabaki mahali pake.

Sasa twende Badri, mwaka wa pili Hijria. Waislamu ni mia tatu na kitu, jeshi la Makuraishi linakaribia elfu moja. Hebu jiweke kwenye safu ile. Vumbi linakuja. Una upinde mkononi na kila mshipa unakwambia achia. Na amri ya Mtume (s.a.w.) ni kwamba wasirushe mpaka adui awe karibu, mishale isipotee bure. Mimi nadhani kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kupigana kwenyewe. Na tazama neema mojawapo ambayo Allah anaitaja katika Suratul Anfal: usingizi uliowafunika, ukawa amani kwao, pamoja na mvua. Watu walio mbele ya kifo wanapewa kusinzia!

Mwaka uliofuata, Uhud, wapiga mishale hamsini waliwekwa kilimani na kuambiwa wasiondoke. Wengi wao waliondoka. Na si woga uliowashusha, ni kuona ushindi na ngawira. Utulivu unaweza kuvunjwa na furaha vilevile.

Na msidhani haya ni ya Arabuni tu. Ukienda Dar, ukishaiacha Iringa unapita Lugalo. Pale, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walijificha vichakani huku msafara wa Wajerumani wa Emil von Zelewski ukija umejipanga mstari mrefu, na mizinga yao. Wengi wa Wahehe walikuwa na mikuki tu. Mwenye mkuki akikurupuka mapema amekufa yeye na wenzake. Wakatulia mpaka maadui wakawa karibu, na Zelewski mwenyewe hakutoka pale. Hawakuwa Waislamu, lakini somo la kungoja walikuwa nalo, na hawakulipata asubuhi ile.

Hapa mtu anaweza kunibana: shekhe, hata jambazi mzoefu ametulia. Anakuvunjia mlango usiku bila kutetemeka. Utulivu wake umemfaa nini? Ni kweli, na swali hili limenisumbua kuliko yote. Nafikiri jibu ni kwamba utulivu peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema. Unamrudishia tu uwezo wa kuchagua. Atakachochagua kinatoka kwenye nia yake. Lakini bila uwezo huo hata mwenye nia njema anajikuta ameshika mpini. Mimi sokoni nilikuwa na haki. Lumbesa ni marufuku, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Kama akili ingekuwa mahali pake ningesema neno moja: "Tupime." Mizani ilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama. Sikuiona. Yaani sikuiona kabisa, mpaka usiku nilipolala ndipo nikaikumbuka.

Kwa hiyo anayedhani kutulia ni kunyonywa kimyakimya, mimi hasira yangu ndiyo iliyoninyonya. Viazi niliuza siku iliyofuata, kwa mtu mwingine, lumbesa ileile.

Sasa rudi kwenye fundisho lile la Mtume (s.a.w.). Aliijua nafsi ya mtu aliyekasirika, kwamba haiwezi kutunga maneno. Ndiyo maana tumepewa neno tayari, fupi, la kushika kabla ya siku yake. Na pamoja na neno tukapewa mazoezi: siku 29 au 30 za kupigwa kidogo kidogo. Saa tisa mchana maji ya bomba yanamwagika mbele yako na unapita. Harufu ya vitumbua vya futari inakufikia na bado saa nzima. Mke au mume amejibu vibaya kwa sababu naye ana njaa. Kila kimoja ni ngumi nyepesi. Ukijizuia bila kuvimba, umefanya zoezi. Ukijizuia huku unavimba, ukamlipa mtu kwa jicho, kwa mlango kubamizwa, au kwa "shukuru nimefunga", hapo umefumba macho, na mwalimu wa ngumi angekurudisha mwanzo.

Yule dalali sijawahi kumwomba radhi. Mwaka mzima nimejitetea kwamba yeye ndiye aliyeanza, na kweli alianza. Lakini aliyenitukana hajaniagiza nishike mpini.

Kesho kutwa nashuka sokoni na magunia mawili. Nakwenda na mtoto wa kaka, maana aliyeniona nikitisha ndiye anayestahili kuniona nikiomba radhi. Nikimaliza hilo nitamwambia pia tupime, na hapo ndipo naogopa. Nimekuwa nikijizoeza neno hilo shambani huku napalilia mahindi: "Kaka, naomba tupime." Jana mtoto alikuwa mstari wa pili, akaniambia: "Baba mdogo, bado unasema kama unagombana."

Futari njema. Tukutane Tarawehe, inshaallah.