Ahadi ya Miaka Mia Moja

Je, mtu aweza kuahidi jambo ambalo yeye mwenyewe hatakuwa hai kulitimiza? Swali hili ni la kale, lakini siku hizi limeingia hata malishoni.

Nchini Australia wako wafugaji wa ng'ombe wanaolipwa kwa sababu ya kitu kisichoonekana, yaani kaboni iliyomo chini ya malisho yao. Kaboni ndiyo ile iliyomo katika makaa. Imo pia hewani, imeungana na oksijeni, na huko ikizidi huongeza joto la dunia. Nyasi huivuta kutoka hewani, hujenga majani na mizizi yake kwayo. Mzizi ukifa, viumbe vidogo mno huula. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani kwa pumzi yao, na sehemu nyingine hushikamana na udongo. Basi mfugaji hugawanya malisho yake, huwahamisha ng'ombe kabla hawajala nyasi hata shina, kisha huziacha zipumzike. Hivyo mizizi hushuka, na ghala la udongo hujaa polepole.

Lakini ghala hilo halina mlango. Jembe likipita, au ukame mrefu ukija, akiba yaweza kutoka tena. Ndiyo sababu sheria ya nchi ile ya mwaka 2011 inataka akiba itunzwe miaka 100. Na siku hizi mfugaji aweza kuchagua miaka 25, akikubali kupewa hati pungufu kwa asilimia 20. Hati hizo ndizo auzazo.

Mzee wa miaka sitini akitia sahihi mwaka 2026 kwa miaka 100, ahadi yake itakwisha mwaka 2126. Mikono itakayoitimiza haijazaliwa.

Je, ametenda vibaya? Wengine husema: hapana, kwa maana kila mzazi huwafunga watoto wake, hata kwa kuchagua mahali pa kujenga nyumba. Ni kweli. Lakini nyumba yaweza kuhamwa. Afadhali kuuliza fedha zimekwenda wapi. Zikiwa zimechimba visima na kusimamisha nyua, mtoto apokea mzigo pamoja na nguvu ya kuuchukua. Zikiwa zimeliwa zote, baba ameuza kazi ya mwanawe, akala malipo yake.

Yuko pia mnunuzi. Mwaka 2021 kampuni ya Microsoft ilinunua hati za kaboni ya udongo kutoka shamba la ng'ombe la New South Wales. Mnunuzi hutaka akiba ya udongo ihesabiwe badala ya moshi wake. Hapo mizani ni ngumu, kwa sababu moshi umekwisha kutoka, na akiba ni tumaini. Tena miaka ya mvua njema huongeza kaboni udongoni hata mfugaji asipobadili kazi yake. Naye apimaye baada ya mvua na kuuza yote kama jasho lake, huuza kitu asichokifanya. (Nao ng'ombe, wakicheua, hutoa gesi ya methani inayoongeza joto, nayo yapasa kuandikwa katika hesabu ileile.)

Muuzaji mwaminifu hungoja basi, apime tena baada ya miaka ya kiangazi, na kuuza pungufu ya alichokiona. Jirani yake aliyeuza upesi atakuwa amekwisha kununua ng'ombe wengine.