Njia Isiyo na Magari ni ya Nani?

Ndugu msomaji, naomba nikuulize swali ambalo limeninyima usingizi tangu kiangazi kilichopita. Je, shida aliyoichagua mtu na shida aliyozaliwa ndani yake ni shida moja?

Usicheke. Swali hili sikulitoa kitabuni. Mimi ni mtoto wa Maposeni hapa Songea, kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakaja jinsi yalivyokuja, na sasa mchana nalima mahindi, usiku naandika riwaya ambayo haitaki kwisha. Swali lenyewe lililetwa na Mzungu mmoja juu ya baiskeli.

Ilikuwa Agosti. Tumekaa kwa fundi baiskeli, mimi nasubiri pancha yangu izibwe, vumbi limelala juu ya majani ya migomba kama unga. Mara akatokea Mfaransa, baiskeli yake matairi mapana, mifuko imefungwa kila upande mpaka kwenye usukani. Akasalimu kwa Kiswahili cha kuokoteza njiani, kisha akasema: "Naomba barabara, gari hakuna." Tukatazamana. Mzee mmoja mwenye huruma akainuka akamwonyesha upande wa lami. "Pita huku mwanangu, usijitese. Huku lami tupu mpaka Mbinga." Mgeni akatikisa kichwa. Lami haitaki. Anataka vumbi!

"Huyu hana ndugu?" jamaa mmoja akaninong'oneza.

Nikamsindikiza mimi, kwa njia ya mashambani ambayo tangu utoto naiita njia yetu. Ni changarawe nyekundu, misuku huku na huku, daraja la magogo, na ukimya ambao unasikia mnyororo wa baiskeli yako mwenyewe. Tulipopumzika akanionyesha picha kwenye simu. Njia nyembamba kando ya maji, miti mirefu imeinamiana, hakuna gari hata moja. Akasema ni Canal du Midi, kusini mwa nchi yao. Baadaye nilitafuta habari zake. Mfereji huo ulichimbwa kati ya mwaka 1666 na 1681, urefu wake kama kilometa 240, na msimamizi wake, Pierre-Paul Riquet, alikufa miezi michache tu kabla haujafunguliwa. Kando yake walipita farasi wakivuta mashua. Leo farasi hawapo, na njia yao wameirithi waendesha baiskeli. Wafaransa wamefanya hivyohivyo na reli zilizokufa: kati ya Givry na Cluny, palipokuwa na reli, ilifunguliwa njia ya namna hiyo mwaka 1997, na mwaka 2004 sheria zao za barabarani zikaitambua rasmi njia isiyoruhusu gari. Na huko Italia, jimbo la Toscana, mwaka huohuo wa 1997 walianzisha mbio za baiskeli za L'Eroica, sababu mojawapo ikiwa kuzilinda barabara zao za changarawe zisije zikafunikwa lami zote.

Soma tena hapo. Kuzilinda, zisifunikwe lami.

Tusidanganyane, nilipoachana na yule mgeni nilikuwa na hasira. Maana njia ileile aliyoisifu, mwaka 2019, usiku wa mwezi wa tatu, tulimpakia dada yangu kwenye keria. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jioni. Pikipiki tuliyoiita ilikwama kwenye tope kabla haijafika kwetu. Shemeji akashika usukani, mimi nasukuma kwa nyuma huku nimemshikilia dada asianguke, mama mbele na tochi, mvua inatupiga. Tulikuwa tunaelekea hospitali, Peramiho, si mbali kwa mtu anayepita mchana wa Agosti akipiga picha. Kwenye daraja la magogo baiskeli ikashindwa. Mtoto alizaliwa chini ya msuku. Hakulia.

Basi, mtu akiniambia njia hiyo ni nzuri, nimjibu nini?

Kwa miezi kadhaa nilijibu moyoni kwamba yeye ni mtalii wa shida za wenzake. Jibu hilo lilinitosha kabisa, na ningeliandika hapa nikamaliza, kama lisingekuwa na kasoro moja. Kasoro yenyewe ni mimi. Mimi pia naipenda ile njia. Alfajiri, wakati wa kupeleka mahindi mashineni, naweza kupita kule kwa lami nikafika haraka zaidi, lakini napita huku. Sura nne za riwaya yangu nimezitunga juu ya tandiko la Phoenix yangu katika njia hiyohiyo. Sasa nani mtalii?

Nikaanza kuichunguza lami yenyewe, maana nayo tuliisifu bila kuiuliza maswali. Barabara ya Peramiho hadi Mbinga, zile kilometa 78, ilijengwa kwa fedha za Marekani chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliokwisha mwaka 2013. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka tulivyoilalia tumbo kusikia joto lake! Sikatai faida yake. Safari iliyokuwa inakula siku ikawa ya saa chache, mahindi yakapata wanunuzi, mgonjwa akawahi. Lakini kabla ya lami, baiskeli ilikuwa bwana wa barabara. Sasa baiskeli ni mgeni. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita kwenda mpaka bandari ya Mtwara, mabasi yanapita, na sisi tukisikia honi tunarukia majanini na magunia yetu. Rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja hakuwahi kuruka. Gari halikusimama.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule Mfaransa, ingawa sijamsamehe sawasawa. Yule hakuwa anapenda tope. Tope halijui. Alichokuwa anakitafuta ni mahali ambapo mtu juu ya baiskeli haogopi. Na kwao anaweza kukipata bila dhambi, kwa sababu pembeni ya ile njia ya farasi ipo barabara nyingine, na usiku wa uchungu gari la wagonjwa linapita huko. Anazo njia mbili. Sisi tunapewa moja moja: kwanza tope, halafu hofu, na kila mara tunaambiwa tushukuru. Kwa hiyo swali langu la mwanzo nililiuliza vibaya. Nilidhani tofauti yetu ni kwamba yeye amechagua na mimi sikuchagua. Lakini mimi nikipita pale alfajiri nachagua kweli, hakuna anayenilazimisha. Dada usiku ule ndiye hakuchagua. Njia ni moja, mtu anaweza hata kuwa mmoja, ila kilichobadilika ni kama pana mahali pengine pa kupita.

Nilimsomea mama maneno haya. Akaendelea kupepeta. "Wewe unaandika," akasema, "mwenzio alitembea." Sina jibu la hilo mpaka leo.

Sasa mambo yamekuwa ya haraka. Mwaka huu walikuja watu wa kupima, wakapiga vigingi kwenye njia yetu. Misuku kadhaa ikachorwa alama nyekundu, ukiwemo ule. Ukaitwa mkutano wa kijiji, tukaambiwa barabara itapanuliwa na daraja la magogo litaondolewa. Wanaoafiki wanyooshe mikono. Mikono ikapanda yote, ya wazee, ya akina mama, hata ya watoto wasiohesabiwa. Wangu ulichelewa. Nilikuwa nawaza alfajiri zangu, nakiri. Nikamtazama dada, mkono wake uko juu, ameunyoosha mpaka bega limetoka kwenye khanga. Nikanyoosha.

Lakini nikaomba ruhusa ya kusema. Nikauliza kama pembeni ya barabara hiyo pangeweza kuachwa upana wa hatua mbili tu wa changarawe, wa baiskeli na wa miguu, gari lisiruhusiwe. Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mwacheni, huyo anaandika hadithi!" Mgeni rasmi akacheka pia, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Kama ni ombi langu au ni mahesabu ya nauli yake, Mungu ndiye ajuaye.

Tulirudi nyumbani kwa njia hiyohiyo, mimi nakokota baiskeli, dada ametangulia na ndoo kichwani. Tulipofika pale kwenye alama nyekundu nikasema, "Dada, utajisikiaje wakiukata?" Alikaa kimya hatua kama kumi hivi. Halafu akainama, ndoo haikutikisika, akaokota masuku mawili yaliyoanguka, moja akanirushia.

"Kula," akasema. "Na hiyo baiskeli panda, utachelewa mashine."