Petro Hakutaka Kuoshwa

Injili ya Yohana, mlango wa 13, yatupa habari za usiku ule wa mwisho, Bwana wetu alipokula pamoja na wanafunzi wake kabla ya kuteswa. Naye Luka, katika mlango wa 22, atueleza jambo la aibu lililotokea mezani pale pale: wanafunzi walishindana ni nani aliye mkubwa kati yao. Maji yalikuwapo, bakuli lilikuwapo, na kitambaa pia. Lakini hakuna aliyeinuka kuwaosha wenzake miguu, kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya mtumwa. Basi Bwana mwenyewe akaondoka mezani, akavua mavazi yake ya juu, akajifunga kitambaa, akawainamia mmoja mmoja.

Wengi wetu tukisoma habari hii twakimbilia mwisho wake, pale tunapoagizwa kuoshana miguu. Tusiende mbio. Petro kwanza alikataa. Kukataa kwake kwafanana na unyenyekevu, lakini sivyo. Mtu asiyekubali kuoshwa ataka kukaa pasipo deni kwa mtu awaye yote. Kwa hiyo Bwana alimwonya kwamba asipooshwa hana fungu pamoja naye.

Hapo ndipo penye mzizi wa utumishi. Yeye ajuaye ya kuwa ameoshwa na Kristo hana tena cheo cha kukilinda mbele ya watu. Bali asiyejua hayo, hata akifagia kanisa, hutazama kando kama yuko anayemwona. Martin Luther, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba mambo haya mawili hayatengani: imani humweka Mkristo huru, na upendo humfunga kumtumikia jirani yake.

Na tuziangalie sharika zetu. Mzee wa kanisa amezoea kiti cha mbele, naye hukasirika siku akikuta kimekaliwa. Mwalimu afundisha vema habari za upendo, lakini mjane mgonjwa akaaye ng'ambo ya mto hajamwona tangu mavuno. Katika baraza la wazee watu wawili hawasemezani, na kila mmoja angoja mwenzake aanze. Ndivyo ilivyokuwa mezani pale: maji yapo, bakuli lipo, na kila mtu amekaa.

Labda mtu atasema, "Nikijishusha mbele ya huyu, atanidharau." Yawezekana. Bwana alimjua atakayemsaliti, wala hakuiruka miguu ya Yuda. Hakungoja kwanza kuona kama atashukuriwa. Hata hivyo ukuu wake haukupungua. Aliporudi kuketi aliwaambia wazi kwamba yeye ndiye Mwalimu na Bwana wao.

Na Petro je? Miaka ilipita, naye akawaandikia wazee wa makanisa. Katika Waraka wake wa Kwanza, mlango wa 5, awaonya wasilitawale kundi kwa mabavu, bali wawe kielelezo kwake; kisha awataka watu wote wajifunge unyenyekevu. Neno la Kiyunani alilolitumia ni la mtu ajifungaye vazi kwa fundo, kama mtumishi ajifungavyo nguo ya kazi. Twaamini hakukisahau kitambaa kile. Aliyekataa kuoshwa ndiye aliyekuja kuwafundisha wachungaji namna ya kujifunga.

Ndugu waalimu na wazee, yatupasa kwanza kuketi kama Petro, tukubali kuoshwa kwa neema tusiyoweza kuilipa. Kisha tuinuke. Mjane wa ng'ambo ya mto angali akingoja. Na mlango wa mwenzetu tusiyesema naye twaujua. Bwana Yesu, aliyetuinamia sisi, atujalie moyo wa kwenda kabla ya kuitwa. Amina.