Kanuni ya Mchezo na Mji wa Kubuni

Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya laweza kuonekana dogo: je, msimamizi wa mchezo wa kubuni ana haki ya kuivunja kanuni ya mchezo huo kwa ajili ya wema? Wapo watakaosema kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba walimu wa lugha wana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto hukutana na sheria kwa mara ya kwanza mchezoni, kabla hajaijua mahakama wala bunge, na jinsi anavyoizoea huko ndivyo aelekeavyo kuitazama atakapokuwa mtu mzima.

Michezo tuikusudiayo hapa ni ile ya hadithi ichezwayo mezani. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, ambaye tutamwita msimulizi, huwaeleza wenzake mandhari: mji, watu wake, na hatari zake. Kila mmoja wa waliosalia humchukua mhusika wake na kusema atakavyotenda. Likitokea jambo la shaka, kama vile kuruka ukuta au kumshinda mlinzi, dadu hurushwa, na kanuni zilizoandikwa huamua. Mchezo wa namna hii uliotangulia kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974, nao ulikuwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson.

Chimbuko lake limo katika michezo ya vita ya maofisa wa Prussia. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa dadu na majedwali ya hesabu. Baadaye, mwaka 1876, ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, aliuona wingi wa kanuni kuwa mzigo, akashauri kwamba mwamuzi mwenye uzoefu aachiwe kuamua kwa busara yake. Mabishano hayo baina ya jedwali na busara ya mtu hayajakwisha hadi leo. Wachezaji wa michezo ya hadithi wangali wanayaendeleza.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Katika kutegeana vitendawili, anayeshindwa kujibu hudaiwa mji. Mtegaji husema, “Nipe mji,” naye hupewa. Mahali pengi mtegaji husimulia jinsi alivyofika katika mji huo na alivyokaribishwa, kisha ndipo alitoe jibu. Safari hiyo ni ya kubuni, wala hapana adhaniaye kwamba mtegaji amenyanyuka mkekani. Hata hivyo safari ina sheria. Aliyepewa Mombasa haendi Ujiji. Aliyekwisha pokea mji hawezi kulificha jibu. Tunaona basi kwamba ubunifu na kanuni si maadui, maana kanuni ndiyo imfanyayo kila aliyeketi pale akubali kusafiri pamoja na mtegaji.

Na tuitazame sasa Zone Industrielle, yaani mtaa wa viwanda na maghala wa Bujumbura. Bujumbura ni mji wa bandari, na kazi huwakutanisha humo watu wa asili mbalimbali: mwenye Kirundi cha milimani, mwenye Kiswahili cha Buyenzi, aliyevuka kutoka Uvira, na aliyetoka Kigoma. Tuseme wawili kati yao wameketi wakati wa mapumziko, na mbele yao pana ubao wa mashimo 32 na kete 64. Mmoja alilelewa na ikibuguzo cha Burundi, mwingine na bao la Kiswahili. Ubao ni ule ule na hesabu ya kete ni ile ile. Lakini katika ikibuguzo kete zote huwa zimekwisha pangwa ubaoni mchezo unapoanza, ilhali katika bao la Kiswahili kila mchezaji hubakiza kete 22 mkononi na kuzinamua moja moja.

Je, ni yupi kati yao aliye na kanuni ya kweli? Swali hilo halina jibu, na huenda si swali hata kidogo. Kanuni ya mchezo haiwi kweli au uongo kama habari. Huwa imekubaliwa au haijakubaliwa. Wawili hao waweza kucheza ikibuguzo leo na bao kesho, na wasidhulumiane. Watadhulumiana pale tu mmoja wao, baada ya kuona kwamba anashindwa, atakapokumbuka ghafla kwamba kwao hucheza namna nyingine. Kwa hiyo uzito wa kanuni hautoki kwenye ubao wala kwenye kitabu. Hutoka katika ahadi waliyopeana wachezaji kabla ya kete ya kwanza kuchezwa, na wahenga walikwisha sema kwamba ahadi ni deni.

Hapa ndipo lilipo swali letu gumu. Tuseme vijana wanne wa karakana moja katika mtaa huo wameketi Jumamosi alasiri juu ya kreti tupu, wakicheza mchezo wa hadithi. Msimulizi amebuni mji wa viwanda kando ya ziwa, wenye mizani ya forodha na walinzi wa usiku. Mhusika wa mdogo wao, mwanagenzi aliyeanza kazi mwezi huo huo, anajaribu kupenya langoni. Msimulizi anairusha dadu nyuma ya kitabu, mahali ambapo yeye peke yake huiona. Dadu imeanguka vibaya, na kwa kanuni waliyoikubali, mhusika yule amekufa. Msimulizi anamtazama yule kijana, anaona furaha iliyomjaa usoni, naye anatamka, “Umepita.”

Wengi watamsifu. Watasema kwamba kanuni iliwekwa kwa ajili ya furaha ya watu, na kwamba pasipo furaha haina kazi. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Lakini tuangalie alichopoteza kijana yule. Tangu saa ile hawezi tena kujua ni lango lipi alilolishinda yeye mwenyewe na ni lipi alilofunguliwa kwa kuhurumiwa. Ushindi wake wote umechanganyika na sadaka, naye hana habari. Wenzake nao, siku watakapogundua, watauliza kwa nini huruma ile haikuwafikia wao. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hata asipovutia, atashukiwa kwamba anavutia, kwa kuwa ngoma anaiwambia gizani.

Je, twataka basi mwanagenzi aangamizwe na kanuni isiyojua umri wala uzoefu? La hasha. Wazee wa bao walikwisha kulitatua jambo hili kwa njia iliyo bora. Lipo bao la kujifunza, ambalo kete huwekwa mbili mbili katika kila shimo, na mchezo huanza bila ya kunamua. Mwanafunzi anapunguziwa uzito, lakini anapunguziwa waziwazi, kwa kanuni yenye jina lake, naye ajua kwamba bado hajaingia katika bao lenyewe. Huo ndio wema tunaoutetea. Msimulizi angaliweza kusema tangu mwanzo, “Leo mhusika wa mgeni hafi, akishindwa, atakamatwa na walinzi.” Hapo huruma ingalikuwa sheria ya wote, wala isingalikuwa siri ya mmoja. Kipimo chetu ni hiki: huruma isiyoweza kutamkwa mbele ya wote walioketi mezani imekwisha kuwa udanganyifu, hata kama nia yake ni njema.

Yamebaki mandhari. Wapo wasemao kwamba kanuni ni ya wote, bali mji ni mali ya msimulizi, naye ana uhuru wa kuwaweka humo watu wa namna yoyote. Sisi twaona kwamba mandhari nayo ni kanuni, ila imevaa nguo ya maelezo. Msimulizi akisema kwamba watu wa upande fulani wa mji huzaliwa wezi, amekwisha kuamua kabla ya dadu kurushwa ni nani atakayeuawa bila ya kusikilizwa. Katika vitabu vya awali vya Dungeons & Dragons, viumbe wa jamii fulani, kama vile orc, walielezwa kuwa ni waovu kwa jumla yao. Mwaka 2020 wachapishaji wake, Wizards of the Coast, walitangaza kwamba wangeyarekebisha maelezo ya namna hiyo. Baadhi ya wachezaji walilalamika kwamba mchezo unaharibiwa, wengine wakashukuru.

Nchini Burundi hoja hii haihitaji maelezo marefu. Nchi iliyopita katika vita vilivyoanza mwaka 1993 inajua gharama ya kumhukumu mtu kwa kuzaliwa kwake. Inajua pia kwa nini kanuni hutamkwa waziwazi. Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uliweka kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 katika majeshi ya ulinzi. Walioafikiana hawakungoja kwanza kila mmoja awe mwema. Waliandika kanuni kwa sababu wema wa mtu mmoja haukutosha kuwa dhamana ya mwingine. Hatusemi kwamba mchezo wa mezani ni sawa na mkataba wa amani. Twasema tu kwamba kijana aliyezoea kuuliza mchezoni, “Kanuni hii tuliikubali lini, na nani hakuwapo?” amekwisha kujifunza swali ambalo raia hulihitaji maisha yake yote. Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo abunipo mji yampasa msimulizi kuwakumbuka hata wale wasioketi mezani.

Kwa walimu wa Kiswahili, kazi iliyo mbele si kubwa. Wanafunzi wapewe mji wa kubuni, waandike wenyewe sheria zake tano au sita, kisha watunge hadithi ambayo haizivunji. Akitokea mmoja kutaka kuibadili sheria katikati ya hadithi, asikatazwe, bali asimame na kuwashawishi wenzake kwa hoja, kwa Kiswahili fasaha, nao wakate shauri. Tunawakaribisha wenzetu watuandikie, hasa wale waonao kwamba tumemwonea yule msimulizi. Huenda kuna huruma ya siri iliyo halali ambayo sisi hatujaiona. Kama ipo, na itetewe hadharani.